Orlando, Angelo, Edmund au Horatio? Jibu kwa mwalimu wa Iringa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Kiingereza sekondari hapa Iringa na nina mimba changa. Sijapimwa, ila moyo unaniambia ni wa kiume. Ninapenda majina ya wahusika wa tamthilia za Kiingereza na nimebakiwa na manne: Edmund, Angelo, Orlando na Horatio. Mume wangu anasema majina ya maigizo yana mkosi, kwamba jina humfuata mtu. Mama mkwe hataki kusikia lingine ila Yakobo, jina la marehemu baba mkwe. Nichague lipi? Halafu kwetu kuna mapacha. Wakija wawili nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Nianze na mumeo, maana hofu yake inaweza kufunga mlango kabla hatujafika kwenye majina yako manne.

Mkumbushe Mwalimu Nyerere. Alipobatizwa mwaka 1943 alichukua jina la Julius. Miaka 20 baadaye, akiwa Rais, akachapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, ambamo mwenye jina hilo anachomwa majambia na marafiki zake tamthilia ikiwa katikati. Wala hakuitafsiri akaisahau. Mwaka 1969 aliitoa upya baada ya kuirekebisha, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Mtu anayeogopa jina lake hakeshi akitafuta maneno mazuri zaidi ya kueleza jinsi mwenye jina alivyouawa. Mwalimu alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 77, mgonjwa hospitalini. Majambia hayakuja.

Hata hivyo mumeo hajakosea moja kwa moja. Jina halimfuati mtoto, ila linawafuata wasomaji. Wewe ni mwalimu wa Kiingereza; marafiki zako, wanafunzi wako, na siku moja walimu wa mwanao, watakuwa wamesoma vitabu ulivyosoma. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mtu aliyesoma akilisikia jina, atamkumbuka nani?

Hapo ndipo ninapolikata Angelo. Najua kwa nini umelipenda. Ni malaika, linatamkika, na parokiani halitashangaza mtu. Lakini Angelo wa Measure for Measure ni nani? Mtawala wa Vienna anaaga kana kwamba anasafiri, anamwachia mji huyu bwana ambaye kila mtu anamwona msafi kupita kiasi. Angelo anafufua sheria iliyolala miaka mingi, anamhukumu kifo kijana Claudio kwa kumpa mchumba wake mimba. Dada yake Claudio, Isabella, aliye njiani kuwa mtawa, anakuja kupiga magoti. Angelo anamwambia kaka yako atapona ukikubali kulala nami. Kwetu jambo hilo lina jina lake na kesi zake: rushwa ya ngono. Tamthilia ilichezwa mbele ya Mfalme James Desemba 1604, na ukiisoma leo huhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Shakespeare hakumpa jina hilo kwa bahati. Mtawala mwenyewe anasema mahali fulani kwamba mtu aweza kuficha mengi ndani, hata akiwa malaika kwa nje. Jina ndilo mzaha wenyewe. (Yuko Angelo mwingine katika The Comedy of Errors, sonara mwaminifu anayedai fedha zake, lakini nani anamkumbuka?)

Edmund ananipa taabu zaidi, kwa sababu jina lenyewe halina kosa lolote. Ni Kiingereza cha kale: mali na ulinzi. Mfalme Edmund wa Anglia ya Mashariki aliuawa na Wadenmark mwaka 869 akahesabiwa mtakatifu, na wazee wengi wa Kikatoliki nchini mwetu wanaitwa Edmundi kwa heshima yake. Shakespeare mwenyewe alikuwa na mdogo wake wa mwisho aliyeitwa Edmund, mwigizaji, aliyezikwa Southwark, London, mwaka 1607. Na bado, mwaka mmoja au miwili kabla ya msiba huo, kaka mtu alikuwa ameandika King Lear na kumpa jina hilo mtoto wa nje wa ndoa anayeghushi barua ili baba amchukie kaka yake. Uongo huo unaishia na baba kung'olewa macho. Mara nyingi nimejiuliza Edmund mdogo alijisikiaje akiwatazama wenzake wakicheza.

Ila sogeza jicho herufi chache tu. Kaka anayesingiziwa ni Edgar: mali na mkuki. Anafukuzwa kwao, anajifanya kichaa, anatembea nusu uchi kwenye mvua. Na baba yake akishapofushwa, ni Edgar anayemshika mkono na kumwongoza, bila hata kumwambia kwamba yeye ni mwanawe. Katika toleo la 1623 ndiye anayesema maneno ya mwisho ya tamthilia. Ikiwa unachokipenda ni mlio wa Edmund, chukua Edgar. Bibi atasema Edga na hakuna kitakachoharibika.

Waandishi wale walikuwa na tabia hiyo ya kumpa mtu mbaya jina jema, na si Shakespeare peke yake. Christopher Marlowe, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, 1564, alichukua kutoka simulizi za Kijerumani daktari anayeiuza roho yake kwa shetani kwa miaka 24. Jina lake, Faustus, kwa Kilatini ni mwenye heri. Kina Faustini wa Bukoba, Rwanda na Burundi wanalibeba jina hilohilo na wanalala usingizi wao, kwa sababu wao walilipata kwa mtakatifu. Karne mbili baadaye Sheridan naye, katika The School for Scandal ya 1777, akamfanya Joseph kuwa mnafiki na Charles, mfujaji wa mali, kuwa mwenye moyo safi.

Sasa Yakobo wa mama mkwe wako. Hili nakuambia wewe, usimpelekee. Mtume Yakobo kwa Wahispania ni Santiago, yaani Mtakatifu Iago. Ndiyo, Iago yule wa Othello, mwongo mkubwa kuliko wote waliowahi kupanda jukwaani, ni Yakobo. Lakini usikate tamaa, Yakobo ana ndugu wengine kwenye tamthilia hizi na nitamrudia.

Kuna jaribio jingine ambalo watu wenye vitabu vingi hulisahau, nalo ni sikio la Kiswahili. Jina linaitwa uani, sokoni, kwenye mstari wa asubuhi shuleni, na watu wasiojua wala kujali limetoka wapi. Chukua Lear. Kinywani mwetu ni Lia. Utamwita mwanao mara 30 kwa siku ukimwamrisha alie, na mfalme mwenyewe kwenye tamthilia hafanyi lingine. Chukua Hamlet. Waarmenia wanalipenda jina hili. Baba yake Henrikh Mkhitaryan, yule aliyechezea Manchester United na Arsenal, aliitwa Hamlet na alikuwa mwanasoka kama mwanawe. Armenia ni sawa. Hapa mtoto atakuwa Hamleti, na wenzake hawatamaliza wiki kabla ya kuuliza, “Hamleti nini?” Toby, mjomba mlevi wa Twelfth Night, atageuzwa Tobo siku ya kwanza atakayopitishiwa mpira katikati ya miguu. Ariel, yule roho wa hewani katika Tufani (The Tempest), ana jina la Kiebrania ambalo wengi hulieleza kuwa simba wa Mungu, zuri kabisa, ila sabuni ya unga imelitangulia dukani. Romeo ni Mwitaliano aliyekwenda kuhiji Roma. Kwetu ni kijana wa kutongoza, na David Beckham kumpa mwanawe jina hilo mwaka 2002 hakukubadili kitu mtaani.

Upande wa pili wa sikio letu ni wa heri. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho na hupenda neno liishe kwa irabu. Shakespeare aliweka tamthilia nyingi Italia, au mahali alipopajaza Waitaliano, na majina yao yanakaa kinywani mwetu kama yamezaliwa Tanga: Lorenzo, Claudio, Orlando. Majina ya Waskoti wa Makbeth yanahitaji kazi zaidi, Dankani na Malkomu, ingawa Malcolm lina maana ya kupendeza, mfuasi wa Mtakatifu Kolumba, na ndiye anayebaki na taji tamthilia ikiisha. Duncan anauawa usingizini na mwenyeji wake. Hata mimi nisiyeamini mkosi ningesita kidogo.

Ukiniruhusu nitoke nje ya majina yako manne, nitakuambia nilichojifunza kwa miaka mingi ya kufundisha tamthilia hizi. Wazazi hutafuta jina kwa shujaa, na shujaa wa tanzia huishia kufa, au kuua, au yote mawili. Majina mazuri wamepewa watu wadogo: watumishi, walinzi, marafiki, watoto wa kupiga muziki. Yuko Lucius, mtoto anayemtumikia Brutus katika Juliasi Kaizari. Usiku mmoja, kabla ya kuondoka kwenda vitani Filipi, Brutus anamwomba ampigie muziki hemani. Mtoto amechoka, anasinzia juu ya ala yake. Brutus, ambaye amemuua Kaizari na huko Filipi atajiua, hamwamshi. Anaitoa ala polepole mikononi mwake isije ikavunjika, anamwacha alale. Sijui ukurasa wenye upole kama huo katika tamthilia yote ile ya damu. Jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini la nuru. Bibi atasema Lusiasi, kama tulivyosema Juliasi. Yuko Marcellus, mlinzi wa zamu ya usiku katika Hamlet, ambaye watu wamemnyang'anya sentensi yake: ni yeye, si Hamlet, anayesema kuna kitu kimeoza katika dola ya Denmark. Askari wa lindo ndiye anayeona kwanza.

Na ukitembea parokia yoyote ya kwenu utawakuta wengine bila kuwatafuta. Fabian ni mtumishi wa Olivia katika Twelfth Night (asili ya jina ni ukoo wa Kirumi, na inasemekana jina la ukoo huo lilitokana na maharage, basi hilo ni dogo). Balthasar yumo katika tamthilia nne za Shakespeare; mmoja ni mtumishi wa Romeo, mwingine anaimba, na Portia akivaa nguo za kiume kuingia mahakamani katika Mabepari wa Venisi anajiita jina hilohilo. Cornelius wa Hamlet anatumwa ubalozi Norway. Sebastian anaokoka baharini. Shakespeare hakuyatunga majina haya. Aliyaokota kwenye kalenda ya watakatifu, kwenye historia za Roma na kwenye hadithi za Italia, kama wamisionari walivyotuletea sisi kutoka kalenda hiyohiyo. Ndiyo maana unaweza kumpa mwanao jina la jukwaani na padri asikunje uso.

Kama ungetaka tamthilia inayozungumzia tatizo lako lenyewe, ni ya Oscar Wilde, The Importance of Being Earnest, iliyoanza kuonyeshwa London tarehe 14 Februari 1895. Wasichana wawili wameapa kutoolewa ila na mwanaume aitwaye Ernest. Wanaume wawili wasioitwa hivyo wanakimbilia kwa padri, kila mmoja kivyake, wakabatizwe upya jioni moja. Kwetu Ernest tunao tele, na hakuna msichana niliyewahi kumsikia akiapa hivyo. Mwenzake Ernest wa uongo ni Algernon, jina la Kinormani lenye maana ya mwenye masharubu. Usithubutu.

Yamebaki Horatio na Orlando, na hapa sina haraka.

Horatio ni rafiki. Hana cheo, hana mali. Hamlet anamsifu kwa kuwa haendeshwi na hasira wala tamaa. Mwishoni, maiti zimejaa ukumbini, anataka kunywa sumu iliyobaki afe na rafiki yake. Hamlet anampokonya kikombe na kumwomba aishi, awasimulie watu yaliyotokea. Kama mtoto wako atakuwa mtu wa kuaminiwa na habari, jina limempata. Kasoro yake ni mdomoni. Waingereza husema Horesho, sisi tutasoma kama lilivyoandikwa, Ho-ra-ti-o, na maisha yake yote atakuwa akiwasahihisha watu au akiacha kuwasahihisha. Jemadari wa majini Nelson, aliyeuawa Trafalgar mwaka 1805, aliitwa Horatio, na angalia: dunia nzima ilichagua kumwita Nelson.

Orlando wa As You Like It ni mtoto wa mwisho wa Sir Rowland, aliyefariki. Kaka mkubwa amekalia urithi, hamsomeshi, anamlisha na watumishi, na hatimaye anapanga kuichoma nyumba anamolala. (Mabaraza yetu ya ukoo yangeielewa kesi hii asubuhi moja.) Orlando anakimbilia msituni na mzee Adam, mtumishi wa marehemu baba yake, aliyemkabidhi akiba yake yote ya uzeeni. Njaa ikimwangusha mzee, Orlando anaenda kutafuta chakula kwa upanga. Akikaribishwa mezani kwa wema anakataa kuonja chochote mpaka mzee aletwe ale kwanza. Anambeba. Baadaye anamkuta yule kaka yake amelala porini, simba jike anamvizia. Angeweza kupita. Anapigana na simba. Ndiyo, pia anabandika mashairi mabovu ya mapenzi kwenye miti, lakini nani kati yetu hakuandika.

Na sasa sikiliza, maana hili ni la mama mkwe wako. Orlando na Rowland ni jina moja, la baba kwa mtindo wa Kiingereza na la mwana kwa mtindo wa Kiitaliano. Mtoto amepewa jina la baba, na Mtawala aliyefukuzwa nchini mwake, mwenye ile meza ya msituni, akimtazama, anasema anaiona sura ya rafiki yake Rowland hai usoni mwa kijana. Katika familia hiyohiyo kuna kaka wa kati, anayetokea mwisho kabisa kuleta habari njema kwamba vita havitapiganwa. Anaitwa Jaques. Jaques ni Yakobo.

Kwa hiyo Orlando na Yakobo ni ndugu wa tumbo moja, ndani ya kitabu. Jibu langu ni Orlando Yakobo, yote mawili.

Najua utaniambia kwamba Yakobo tayari atakuwa jina la tatu, kwa kuwa kwetu tunaandika la mtoto, la baba, la babu. Kweli, lakini hilo si analolitaka mama mkwe. Jina la tatu ni la makaratasi. Yeye anataka mjukuu wa kumwita “mume wangu”, amtanie, amtume maji, amwambie wewe mzee mbona umechelewa. Mpe hilo. Nyumbani kwa bibi awe Yakobo, kwako awe Orlando, na wenzake wa mpirani watamwita Pirates kwa ajili ya ile timu ya Soweto, ambalo si jina baya kwa mtoto wa kiume. Ninachokusihi ni kimoja: usimwandikishe Yakobo kwenye cheti cha ubatizo na Orlando kwenye cheti cha kuzaliwa. Nimeona vijana wenye majina mawili kwenye karatasi mbili wakihangaika na viapo na ada ili tu vyeti vyao vya shule vilingane na kitambulisho. Andika Orlando Yakobo kotekote, kwa tahajia moja, na uikague kabla karani hajagonga muhuri, maana R ya Orlando hupotea kirahisi.

Kabla ya hapo simama uani jioni moja, uliite kwa sauti mara tatu kama unayemwita mtoto aliyechelewa mtoni. Mumeo awe amesimama karibu. Akigeuka bila kucheka, limepita.

Kuhusu mapacha, Shakespeare alikuwa baba wa mapacha mwenyewe, Hamnet na Judith, waliobatizwa Februari 1585. Aliwaita majina ya jirani yake mwoka mikate na mkewe. Hamnet alifariki akiwa na miaka 11. Baba yao aliandika tamthilia mbili za mapacha. Wakija wa kiume na wa kike, unao Sebastian na Viola wa Twelfth Night, ambao bahari inawatenganisha na tamthilia inawakutanisha. Wakija wa kiume wote wawili, usiwaige wazazi wa The Comedy of Errors, ambao wana watoto wawili wanaoitwa Antipholus wote, wenye watumishi mapacha wanaoitwa Dromio wote. Mji mzima unapigana na kudaiana siku nzima kwa ajili hiyo. Mwisho wa tamthilia wale Dromio wawili wanabaki peke yao mlangoni, hawajui nani mkubwa na nani atangulie kupita, wakaamua kushikana mikono na kuingia pamoja. Wasukuma wangewaita Kulwa na Doto, na Kulwa angetangulia.